Malkia wa Vilemba, Sehemu ya Tisa: Mama wa Bibi Harusi Yuko Kichwa Wazi

Wenye kumbukumbu nzuri mnajua tulikomea wapi. Ninyi wa gazeti la kuazima sogeeni niwapashe upesi, maana bibi harusi yuko mlangoni na shela lake, na viatu vinambana.

Ukumbi ni ule mkubwa wa Ikeja. Bwana harusi na vijana wenzake walikuwa wamelala kifudifudi kwenye zulia mbele ya wakwe, kama heshima inavyotaka. Mama wa bibi harusi, Chifu Mama Bolatito Adesanmi, akainama kumwekea mkwewe mikono ya baraka. Kijana, kwa pupa ya kuoa, akainuka kabla baraka hazijakwisha. Kichwa chake kikaikuta kwa chini gele ya mama mkwe, kile kilemba kikubwa cha Kiyoruba. Ile gele ya rangi ya dhahabu, iliyofungwa tangu asubuhi na fundi wa kukodi, ikaruka, ikafunguka hewani na kutua mapajani mwa mjomba mmoja kutoka Ijebu.

Mama Bolatito akabaki kichwa wazi mbele ya watu wote wa maana wa Lagos. Nywele zake, nasikitika kusema, zilikuwa zimesukwa twende kilioni.

Fundi wa kukodi alikwishakimbilia harusi nyingine ng'ambo ya daraja, na foleni ya Jumamosi mnaijua. Mama Bolatito akatupa macho huku na huku, mikono miwili juu ya kichwa. Macho yakatua kwa mtu mmoja.

"Adunni," akasema. "Mungu hamtupi mja wake. Njoo unifunge."

Hapo ndipo tulipomwacha Adunni Fagbemi, glasi ya sharubati ya zobo mkononi, damu imemkauka mwilini.

Kwa nini ikauke? Huyu si ndiye yule ambaye magazeti yanamwita Malkia wa Vilemba? Si ndiye anayekaa kwenye televisheni kila Jumamosi akiwaambia wanawake kwamba kichwa kikilala, nguo zote zimelala? Ndiye. Kupanga rangi anajua, kuchagua kitambaa anajua, na kumsema mke wa waziri aliyevaa gele ndogo kuliko cheo cha mumewe ndiyo kazi yake. Lakini kufunga gele hajui. Hajawahi kujua. Vilemba vyake vyote hufungwa chumbani, mlango umekomewa, na mama yake mkubwa Wuraola, mwalimu mkuu mstaafu.

Wewe unalijua hilo, mimi nalijua, na Mama Mkubwa Wuraola analijua. Mama Bolatito halijui, na Mama Bolatito ndiye mwenye kituo cha televisheni.

"Mama," Adunni akasema, akitafuta maneno. "Siyo hapa."

"Kwa nini siyo hapa? Watu wanaona twende kilioni yangu."

"Kilemba cha mama wa bibi harusi hakifungwi mbele ya macho ya watu. Kinachukua kijicho."

Mila hiyo hakuna Myoruba aliyewahi kuisikia, lakini Adunni aliitamka kwa sauti yake ya Jumamosi, na wanawake wa meza ya mbele wakaitikia kwa vichwa. Mmoja hata alisema bibi yake alikuwa akiifuata sana. Mama Bolatito akafunikwa kwa mtandio wa jirani, akaongozwa hadi chumba cha kuvalia. Mshereheshaji akaambiwa aimbe chochote kinachomjia mpaka waitwe.

Nyuma yao akanyata Dotun Macho, simu juu, akirusha kila kitu moja kwa moja kwa wafuasi wake. Dotun ana ukurasa wa kuchambua nguo za watu mashuhuri, na hana rafiki. Mwaka mzima amekuwa akimvizia Adunni akosee hata kifungo. Adunni akamfungia mlango puani.

Ndani, akamkalisha Mama Bolatito kwenye kiti, mgongo kwa kioo. Akaomba ruhusa ya kunawa mikono. Akaingia maliwatoni, akafungua bomba kwa nguvu zote, akapiga simu.

Simu iliita mpaka akadhani haipokelewi.

"Nani mwenzangu?" ikauliza sauti iliyojaa chakula.

"Mama mkubwa, ni mimi Adunni. Njoo chumba cha kuvalia, tafadhali. Pitia mlango wa jikoni."

"Adunni yupi? Yule wa gazetini?"

Adunni akafumba macho. Alijua lazima litafika hapo. Jumapili iliyotangulia gazeti moja lilimuuliza nani humfunga vilemba vyake, naye akajibu kwa tabasamu kwamba ni kipaji tu, mikono yake hujiongoza yenyewe. Mama Mkubwa Wuraola alilisoma gazeti hilo mara moja, akalikunja, akalitandika chini ya kreti la mayai.

"Mama mkubwa, nitakuomba radhi kwa magoti. Lakini sasa hivi nakufa."

"Umeniona meza gani?"

"Ile ya karibu na ngoma."

"Basi nami nimeona. Nina macho. Mama Chifu anakungoja. Si mikono yako hujiongoza yenyewe? Iache iongoze. Mimi nakula firigisi, na zikipoa hazifai."

Simu ikakatwa. Adunni akajitazama kwenye kioo cha maliwato, juu ya kichwa chake gele ya samawati iliyokaa kama imezaliwa pale, kila pindo limemfuata mwenzake kwa adabu ya wanafunzi wa Mama Wuraola. Akatamani kuivua na kumvisha Mama Bolatito kama ilivyo. Lakini familia ya mama sare yao ni dhahabu, marafiki ndio samawati. Mama wa bibi harusi kutoka na rangi ya marafiki ni sawa na kutangaza kwamba ameachika.

Akafunga bomba, akatoka.

Kwa mdomo Adunni ni fundi. Alijua kwamba kitambaa hukunjwa ukingoni, kwamba upande mmoja huwa mrefu, kwamba pindo huanzia kwenye paji na kupanda. Alikuwa amelisema hilo kwa wanawake wa nchi nzima. Mikono sasa ikaomba kufafanuliwa. Kitambaa kilikuwa kigumu, kipya, kinachotoa sauti kila kikiguswa, na kila alipokunja huku kilifunguka kule.

"Mbona unahema?" Mama Bolatito akauliza.

"Ni pumzi za kazi, Mama."

"Fundi wangu hahemi."

"Ndiyo maana ya kwake iliruka."

Mama Bolatito akaona pana ukweli. Adunni akavuta, akapinda, akachoma pini. Upande wa kulia ukasimama wima ukakataa kulala. Upande wa kushoto ukalala juu ya sikio ukakataa kusimama. Nyuma kikabaki kipande ambacho hakikuwa na pa kwenda; akakisukuma ndani, kikatoka; akakisukuma tena, kikatokea juu. Alipomaliza, yaani alipoishiwa pini, kichwani mwa Mama Bolatito palikuwa na kitu kama paa la banda lililopigwa na upepo.

Mlango ukagongwa. Mshereheshaji, sauti imekauka, alisema nyimbo zimemwishia, na bibi harusi amevua kiatu kimoja. Mama Bolatito akainuka, na kabla Adunni hajawahi kumzuia, akageukia kioo.

Akatazama. Akasogea. Akatazama tena.

"Adunni. Hii ni nini?"

Hapa mtu mwema angepiga magoti akatubu. Adunni alifikiria jambo hilo, tena kwa dhati. Kisha akafikiria kipindi chake, jina lake, picha yake kubwa iliyobandikwa pale barabarani, mtaa wa Maryland, na Dotun Macho nyuma ya mlango.

"Ndiyo mpya hiyo, Mama. Nilikuwa naificha kwa ajili ya Krismasi."

"Mpya?"

"Wengine wote ukumbini wamefunga ileile ya mwaka jana. Nikasema leo ni siku ya Mama, mwache awe wa kwanza."

"Inaitwaje?"

Adunni akakumbuka kichwa cha bwana harusi kikipanda. "Inaitwa Mkwe Kabisha Hodi."

Mama Bolatito akaangalia upande uliosimama, akaangalia upande uliolala. Pembe za mdomo wake zikaanza kucheza. Mwanamke huyu amevaa dhahabu, amevaa lulu, amevaa viatu vya ngozi ya mamba, lakini neno moja humlegeza kuliko vyote.

"Nani mwingine anayo?"

"Hakuna."

"Hata mmoja, Lagos nzima?"

"Hata mmoja, dunia nzima, Mama."

Na hilo, msomaji wangu, ndilo neno la kweli la kwanza alilosema tangu aingie chumba kile.

Walipotoka, ukumbi ukanyamaza. Si kunyamaza kwa heshima. Ni kule kunyamaza kwa watu wanaongojana nani aanze. Mama Bolatito akapita katikati ya meza, shingo imenyooka, gele imekwenda upande. Mpiga ngoma akamwona, kijiti kikamponyoka. Mjomba wa Ijebu akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

Adunni alitembea nyuma yake, akihesabu milango ya kutokea.

Lakini nani atamcheka Mama Bolatito? Nusu ya ukumbi wamekula kwake, na nusu iliyobaki wanatarajia kula. Mke wa meneja mmoja wa benki ndiye aliyeanza. Alimpungia mkono kwa mbali, akamwambia kwa sauti ya kusikika kwamba hajawahi kuona kilemba chenye akili kama kile. Akamvika mwenzake kilemba cha ukoka juu ya kile cha Adunni. Kisha, alipodhani hakuna anayemwona, akashika gele yake mwenyewe akaivuta kidogo upande wa kushoto.

Jirani yake akamwona. Naye akavuta ya kwake. Meza ya pili ikasikia kwamba meza ya kwanza wanavuta. Bibi harusi alipoingia na mashoga zake, akainua shela kumwangalia mama yake, alikuta ukumbi mzima wa wanawake vichwa vimekwenda kushoto kama waliokaa ndani ya basi linalokata kona.

Dotun Macho alikuwa ameshaandaa matusi yake. Alikuwa na neno "banda" tayari ulimini. Akatupa jicho kwenye simu kusoma wafuasi wanasemaje, akakuta wanauliza mtindo huo unaitwaje na fundi anapatikana wapi. Akageuza simu akajielekezea usoni, akatangaza kwamba yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwaletea Mkwe Kabisha Hodi. Jina alikuwa amelisikia kwa kutega sikio mlangoni.

Adunni akaketi. Akanywa zobo yote kwa mkupuo. Akaanza kucheka peke yake, kile kicheko cha mtu aliyekoswa na lori.

"Kumbe unaweza," ikasema sauti pembeni yake.

Alikuwa Mama Mkubwa Wuraola, mkoba begani, mikononi zawadi za harusi: beseni la plastiki na taulo lenye picha ya maharusi. Adunni akangoja kijembe. Mama huyu hajawahi kukosa kijembe. Walimu waliofanya kazi chini yake bado wanavisimulia.

Kijembe hakikuja.

"Nimekiangalia kile kilemba kutoka kila upande," Mama Wuraola akasema. "Nimefunga watu tangu mama yako hajaolewa. Lakini kile sijui kimeanzia wapi wala kimeishia wapi."

"Mama mkubwa, usinitanie."

"Sikutanii. Niliposoma lile gazeti nilikasirika. Nikasema mtoto huyu amenifuta, na hana hata haya. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa mjinga, nilidhani bado unanihitaji." Akacheka kidogo, lakini macho yalikuwa yamejaa maji. "Kipaji unacho, mwanangu. Mungu akikuze. Jumamosi usinipitie, nitalala mpaka saa nne kama wastaafu wenzangu."

Akampigapiga bega, akaondoka.

Adunni alitaka kumwita. Dotun alikuwa amesimama hatua chache tu, simu inawaka, na jina la Adunni lilikuwa ndiyo kwanza limepona. Hakumwita. Akaziwaza zile Jumamosi, mama mkubwa amesimama nyuma yake na pini midomoni, akimkemea akae wima, akimpa umbea wa kanisani, akimwambia shingo yake ni ya marehemu mama yake. Mikono ile ilikuwa kichwani mwake tangu siku ya kumaliza shule. Adunni akaona uchungu kama wa mtu aliyefiwa, tena aliyefiwa kwa kosa lake mwenyewe.

Hakupewa muda wa kulia. Kutoka jukwaani Mama Bolatito alikuwa ameshika kipaza sauti.

Akawashukuru wageni. Akamsamehe mkwewe hadharani, akisema kichwa kigumu ni dalili ya mume mwenye msimamo. Kisha akatangaza kwamba Jumamosi ijayo kipindi cha Adunni kitakuwa kirefu mara mbili, nacho kitakuwa cha Mkwe Kabisha Hodi peke yake. Yeye mwenyewe, Mama Bolatito, ataketi kwenye kiti, na Adunni atamfunga hatua kwa hatua, taratibu, mbele ya nchi nzima.

Ukumbi ukapiga makofi. Adunni akasimama akainama kushukuru. Kile kilemba asingeweza kukirudia hata kwa mtutu wa bunduki. Hakukifunga, kilimtokea tu.

"Na kabla hatujacheza," Mama Bolatito akaendelea, "wazazi hapa wana mabinti. Wananiuliza. Adunni, njoo utuambie, nani alikufundisha?"

Kipaza sauti kikapitishwa mkono kwa mkono mpaka kikamfikia. Dotun akasogea, simu karibu ya kumgusa kidevu.

Jibu lilikuwepo. Lilikuwa limeshachapwa gazetini, lilikuwa limelala kwenye ulimi, neno moja tu, kipaji. Angelitamka, makofi yangelipigwa, na mambo ya Jumamosi yangelingojea Jumamosi. Jina lake lingebaki palepale lilipo, juu ya barabara ya Maryland, na meno yote nje.

Akainua macho. Kule mwisho wa ukumbi Mama Mkubwa Wuraola alikuwa anahangaika na ule mlango mzito, beseni limembana kwapani, anausukuma kwa bega na hakuna anayemfungulia. Hakuwa amegeuka kusikiliza. Alilijua jibu.

"Yule pale mlangoni," Adunni akasema. "Mama Wuraola. Tafadhali, msimwache atoke."

Vichwa vyote vilivyokwenda kushoto vikageuka nyuma.

"Hakunifundisha, maana mimi nimeshindikana. Amenifunga. Kila gele mliyoniona nayo kwenye televisheni ni mikono yake. Hata hii niliyovaa, kanifunga asubuhi hii, amenuna, hasemi nami, lakini kanifunga. Nilipoulizwa gazetini nikajisifu mwenyewe. Nilidanganya, na nilimfuta mtu aliyenilea. Mimi tangu nizaliwe sijawahi kufunga hata kilemba kimoja kikakaa."

Mama Mkubwa Wuraola akaweka beseni chini. Akawa anamwashiria kwa mkono, nyamaza, mtoto wewe, nyamaza, machozi yanamtiririka na huku anacheka. Mwanamke mmoja akamvutia kiti. Mwingine, mwepesi wa biashara, akamuuliza kama Jumamosi ana nafasi.

Adunni akashusha pumzi. Alijisikia mwepesi kama aliyetua mtungi wa maji, na kwa kitambo kidogo hakujali picha, wala kipindi, wala Dotun, ambaye alikuwa anatetemeka kwa furaha kama mtu aliyeona mwezi wa Idi.

Kisha akaona kwamba watu hawamwangalii tena yeye. Hawakuwa wanamwangalia hata Mama Wuraola. Mmoja mmoja, wanawake wa meza ya mbele walikuwa wakirudisha gele zao katikati, kimyakimya, macho yameelekea jukwaani.

Pale juu Mama Bolatito alikuwa ameinua mkono wake wenye pete. Akaupeleka taratibu kichwani. Akapapasa upande uliosimama. Akapapasa upande uliolala sikioni. Pini moja ikadondoka, na ukumbi ule wote ukasikia ilipogonga sakafu.

Hakupiga kelele. Wafanyakazi wake watakuambia kwamba wakati wa kumwogopa ni ule anapokuwa mpole.

"Adunni, mwanangu," akasema. "Kama hujawahi kufunga hata kimoja kikakaa, hiki nilichovaa mimi ni nini?"